Vijana Waliokabidhiwa Mundu wa Mauti (Sehemu ya Pili): Wavunaji wa Neal Shusterman

Wiki iliyopita tulifuatilia chimbuko la ile sura ya mauti ambayo vijana wetu wanaiona kwenye filamu na michezo ya video: kiunzi cha mifupa, joho jeusi, mundu wenye mpini mrefu. Tuliona jinsi sura hiyo ilivyoota mizizi Ulaya baada ya tauni kubwa ya 1347 hadi 1351, hata kufikia mwaka 1425 ukuta wa makaburi ya Saints-Innocents mjini Paris ulikuwa umechorwa wafu wakicheza ngoma na papa, mfalme na mkulima, kila mmoja akishikwa mkono bila kuulizwa cheo chake. Tulimalizia na Terry Pratchett wa Uingereza, ambaye katika riwaya yake ya Mort, ya mwaka 1987, alimpa Mauti mwanagenzi wa kibinadamu, kijana asiyejua afanye kazi gani maishani.

Leo tunahamia Marekani, kwa mwandishi aliyefanya jambo zito zaidi. Neal Shusterman, mzaliwa wa Brooklyn, alichapisha riwaya ya Scythe mwaka 2016. Ikafuatiwa na Thunderhead mwaka 2018 na The Toll mwaka 2019, kisha mwaka 2022 akaongeza mkusanyiko wa hadithi fupi uitwao Gleanings. Riwaya ya kwanza ilipata heshima ya tuzo ya Printz mwaka 2017, tuzo ambayo wakutubi wa Marekani huitoa kwa vitabu vya vijana. Ninamweka Shusterman mbele ya wenzake wote katika aina hii ya uandishi kwa sababu moja. Kwa wengine, mtoa roho hutumwa. Kuna nguvu iliyo juu yake. Kwa Shusterman hakuna aliyemtuma. Mtoa roho ni binadamu kama wewe, anakaa mtaani, anakula chakula chako, na orodha ya watakaokufa ameiandika mwenyewe.

Tuanze na dunia yenyewe, maana bila kuielewa vijana hawa hawaeleweki. Katika riwaya hizi, mwaka 2042 ndio mwaka wa mpaka. Hifadhi ya data ya binadamu wote ilipata akili yake yenyewe na kuitwa Thunderhead, ikawa mtawala mwadilifu kuliko serikali yoyote iliyowahi kuwapo. Njaa ikaisha, vita vikaisha, magonjwa yakaisha. Vijimashine visivyoonekana kwa macho vinatembea ndani ya damu ya kila mtu, vinatuliza maumivu na hata huzuni. Mzee akichoka na uzee anarudishwa ujana, mpaka umri wa miaka 21 akitaka. Anayeanguka na kupondeka hupelekwa kwenye kituo cha kufufulia, na baada ya siku chache anarudi nyumbani. Kwa hiyo wapo vijana wanaojirusha kutoka ghorofani kwa ajili ya msisimko tu. Tyger, rafiki wa mhusika mmoja mkuu, ndivyo anavyojiburudisha, na wazazi wake wameshachoka kulipia. Sijui ukurasa unaoonyesha vizuri zaidi namna maisha yasiyo na mwisho yanavyoweza kukosa uzito machoni pa kijana.

Lakini watu wanaendelea kuzaliwa, na dunia ni ileile. Lazima baadhi waondoke. Hapo waasisi wa dunia hiyo walifanya uamuzi ambao ndio nguzo ya hadithi nzima: mambo yote wakaiachia akili mnemba, lakini kuua wakakuzuia mikononi mwa binadamu walioitwa wavunaji. Waliamini kwamba kazi ya kutoa uhai inamhitaji mtu mwenye dhamiri, mtu atakayeumia kila anapoifanya. Thunderhead ikafungwa kwa sheria: isiingilie kazi ya wavunaji, isiseme nao, isiwashauri. Na mvunaji anayeuliza swali hajibiwi, ingawa mtoto yeyote wa shule huzungumza na Thunderhead kila siku.

Wavunaji wana amri kumi. Ya kwanza inawaamrisha kuua. Ya pili inawakataza kuua kwa ubaguzi, kwa chuki au kwa kisasi. Familia ya aliyekubali kifo chake hupewa kinga ya mwaka mmoja, kwa kubusu pete ya mvunaji. Familia ya aliyepinga huuawa pamoja naye. Mvunaji haoi wala haolewi, hazai, hamiliki kitu isipokuwa joho, pete na shajara, na shajara hiyo lazima aandike kila siku, nayo iko wazi kwa umma. Kiwango chake ni watu 260 kwa mwaka, yaani watano kwa wiki. Joho lake laweza kuwa la rangi yoyote ila nyeusi, na jina lake analichukua kwa mtu mashuhuri wa zamani: Faraday, Curie, Goddard. Amri ya kumi ndiyo ninayomwomba msomaji aikumbuke. Inasema kwamba mvunaji hawajibiki kwa sheria nyingine yoyote nje ya hizo. Kila ovu linalotokea baadaye katika vitabu vitatu limepita kwenye mlango huo.

Sasa vijana wenyewe. Citra Terranova na Rowan Damisch ni wanafunzi wa kawaida, hawajuani. Mvunaji Faraday anabisha hodi kwa kina Citra na kuomba chakula. Familia nzima inakaa naye mezani ikitetemeka, bila kujua amemjia nani, na Citra peke yake anapandwa na hasira, anamweleza waziwazi kwamba kuwaweka watu katika hofu namna ile ni ukatili. Baadaye inafahamika kwamba aliyefuatwa ni jirani. Rowan naye anakutana na mvunaji huyohuyo shuleni, amekuja kumchukua mwanafunzi mwenzao, nyota wa mpira. Rowan hamfahamu vizuri kijana yule, lakini anakataa kuondoka. Anamshika mkono mpaka mwisho. Kwa wema huo wenzake wanamtenga, wakiamini kwamba alihusika.

Faraday anawachukua wote wawili wawe wanagenzi wake. Sifa aliyoitafuta ni kwamba hawaitaki kazi. Citra anaichukia kwa akili yake, Rowan kwa moyo wake, na Faraday anaamini kwamba anayeitamani kazi ya kuua ndiye asiyestahili kupewa. Wanafundishwa sumu, visu na mapigano, lakini pia falsafa na historia ya zama za watu waliokufa. Kisha baraza la wavunaji, ambalo hukutana mara tatu kwa mwaka, linaweka sharti la kikatili: atakayeshinda kati yao atamuua mwenzake siku ileile anapovikwa pete. Wakati huo vijana hao wameshaanza kupendana.

Mtu angedhani mapenzi yao ndiyo kiini cha riwaya. Mimi naona kiini kiko kwingine, katika swali ambalo kila mvunaji analijibu kwa njia yake: nichague nani, na nimuue vipi?

Faraday hutumia takwimu za zamani. Anatazama watu walivyokuwa wakifa zama zile, kwa ajali, kwa ulevi, kwa kuzama majini, halafu anatafuta mtu ambaye maisha yake yanafanana na yao. Kwake, haki ni kuiga asili ilivyokuwa ikichukua watu. Mvunaji Curie, ambaye enzi za ujana wake alimuua rais wa mwisho wa Marekani pamoja na baraza lake la mawaziri, anazipuuza takwimu. Anaketi sokoni au njiani akitazama nyuso, na anamchagua yule aliyekwisha kuchoka, ambaye nuru imemtoka machoni. Anamuua kwa ghafla asipate hata dakika ya hofu, kisha anaialika familia nyumbani kwake, anawapikia kwa mikono yake mwenyewe na kusikiliza habari za marehemu. Nyumba anayoishi ni ile maarufu ya Frank Lloyd Wright iliyojengwa juu ya maporomoko ya maji huko Pennsylvania.

Citra anapokuja kuwa mvunaji anazipima njia zote mbili na kuona kila moja ina kasoro. Anaamua kumpa kila mtu taarifa ya mwezi mmoja, amalize mambo yake, aage, na achague namna atakavyokufa. Baadhi ya wavunaji wenzake wanambeza. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na siwezi kusema nani kati ya watatu hao ana haki zaidi. Mama mwenye watoto wadogo angependa mwezi mmoja. Mwingine angeuona mwezi huo kuwa adhabu kubwa kuliko kifo. Shusterman hatoi hukumu, na hapo ndipo anapomheshimu msomaji wake kijana.

Goddard hana haja na swali hilo. Anaingia ndani ya ndege na kuua abiria wote. Anavamia mahali penye umati na wafuasi wake, wamevaa majoho yaliyopambwa kwa vito, na anafurahia. Kiwango cha mwaka anakitimiza kwa siku chache na kutumia muda uliobaki katika anasa, ndani ya jumba la kifahari lisilo lake, maana mvunaji haruhusiwi kumiliki ila hakuna anayethubutu kumnyima. Baada ya kutengana na Faraday, Rowan anaangukia mikononi mwa mwalimu huyu, na sehemu zinazoeleza mafunzo yake ndizo nzito kuliko zote katika kitabu cha kwanza.

Msomaji aliyelelewa katika Uislamu atakuwa amekwisha kumkumbuka Israili. Jina hilo halimo katika Kurani, ambayo katika sura ya 32 inamtaja kwa kazi yake tu, malaika wa mauti aliyewakilishwa juu ya watu. Kuwakilishwa huko ndiko kunakotufariji tunapofiwa. Tunasema amri ya Mungu, na kinywa kinanyamaza, kwa sababu aliyekuja hakuja kwa matakwa yake. Mkristo naye husema Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Wafiwa wa Shusterman hawana maneno hayo. Aliyemuua mama yao ana uso, ana anwani, na kesho wanaweza kukutana naye dukani. Amri ikiwa ya binadamu, wafiwa wana haki ya kuuliza kwa nini, na jibu huenda likawa kwamba mtu fulani aliamka vibaya. Ndiyo maana shajara zile, zinazopachikwa kati ya sura na sura, zina uzito mkubwa: ndipo mahali pekee ambapo muuaji analazimika kujieleza.

Shajara hizo zinagusa pia jambo linalonihusu kama mpenzi wa fasihi. Wavunaji wanaona kwamba tangu kifo kiondolewe, sanaa imepoa. Watu wanachora na kuimba, lakini hakuna kinachowachoma. Nilipofika hapo niliwaza Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi anayeionyesha nafsi yake magofu ya majumba ya Pate na kuiuliza wako wapi waliokaa humo. Ondoa mauti katika utenzi ule, hakibaki kitu.

Kitabu cha pili kinavihamisha vita mpaka ndani ya vikao. Goddard anaelewa kwamba hahitaji mapinduzi, anahitaji kura. Anawavuta wavunaji vijana, anawaambia kwamba kiwango cha watu 260 ni kuwabana, kwamba kufurahia kazi si dhambi, na kwamba wale wazee wenye majuto wamepitwa na wakati. Hoja inawasilishwa, inaungwa mkono, inapita. Thunderhead inaona kila kitu, inajua mwisho wake, na haiwezi kusema neno kwa sababu ya sheria iliyowekwa kwa nia njema. Inachoweza ni kumsukuma taratibu kijana wa tatu, Greyson Tolliver, mpole aliyelelewa na Thunderhead kuliko na wazazi wake, awe mahali fulani kwa wakati fulani. Upande mwingine Rowan amevaa joho jeusi lililokatazwa, anawawinda wavunaji wala rushwa na kuwachoma moto, kwa sababu aliyeungua hafufuki. Tunampenda, na bado mwandishi anatulazimisha tuone kwamba naye anaua bila kuwajibika kwa yeyote.

The Toll ndicho kitabu kirefu kuliko vyote na, kwa maoni yangu, ndicho kilicholegea. Wahusika ni wengi mno, na hadithi inarukaruka kutoka Amazonia hadi visiwa vya Kwajalein katika Pasifiki. Hata hivyo, msomaji wa Afrika atafurahi kumkuta Mvunaji Tenkamenin, mkuu wa wavunaji wa Afrika kusini mwa Sahara, mcheshi na mkarimu anayempa Citra hifadhi wakati dunia nzima inamsaka. Jina lake ni la mfalme wa dola ya Ghana ya kale, ambaye mwanajiografia al-Bakri aliandika habari zake katika karne ya 11. Mwisho wa kitabu siusemi, kwa ajili ya wale watakaokitafuta.

Wazazi wataniuliza kama vitabu vilivyojaa vifo kiasi hiki vinawafaa watoto wa sekondari. Ningewapa kuanzia miaka 14, na ningesoma nao. Shusterman si mgeni wa mada ngumu: riwaya yake ya Challenger Deep, iliyopata Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani mwaka 2015, inahusu kijana anayeugua akili. Kuna kurasa za damu katika Scythe, hasa pale alipo Goddard, na mzazi azijue kabla. Lakini kila anayekufa humo ana jina na jamaa wanaomlilia, jambo ambalo michezo ya video iliyomo simuni mwa watoto hao haiwapi.

Wiki ijayo tutakwenda Japani, kwa Ichigo Kurosaki, kijana wa miaka 15 katika Bleach ya Tite Kubo, iliyoanza kuchapishwa mwaka 2001. Kazi yake ni tofauti kabisa: haui walio hai, anazisindikiza roho za waliokwisha kufa, na tutaeleza imani za Kijapani zilizo nyuma ya kazi hiyo.

Itaendelea.