Jinsi ya kuhifadhi video za familia nafasi ikiwa finyu

AKIBA haiozi, walinena wahenga. Kanda za video, hata hivyo, ni akiba inayooza. Katika nyumba nyingi jijini Eldoret, kanda za VHS zenye picha za harusi, mahafali na sherehe za koito za miaka ya tisini zingali zimerundikwa kabatini, huku mashine za kuzichezea zikizidi kuadimika. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho duniani kuunda deki za VHS, ilisitisha kazi hiyo Julai 2016.

Eldoret uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Baridi na mvua zake huleta unyevu, nao unyevu huzalisha kuvu kwenye utepe wa kanda. Isitoshe, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliteketeza nyumba nyingi katika eneo hilo. Kanda isiyo na nakala huteketea pamoja na nyumba.

Kikwazo kikuu kwa wengi ni nafasi. Saa moja ya kanda ya MiniDV, ikihamishiwa kwenye tarakilishi jinsi ilivyo, huchukua gigabaiti 13 hivi. Mwenye saa 100 za kanda hizo atahitaji gigabaiti 1,300, kiasi kisichotoshea kwenye diski ya terabaiti moja. Video zizo hizo zikibanwa kwa mfumo wa H.264, kwa kiwango cha megabiti nne kwa sekunde, zitachukua gigabaiti 180 hivi. Mfumo wa H.265, uliozinduliwa mwaka wa 2013, waweza kupunguza kiasi hicho kwa takriban nusu, ila runinga na tarakilishi nyingi kuukuu haziwezi kuucheza.

Kabla ya kubana, chagua. Sauti ya babu aliyefariki akiwausia maarusi haina mbadala, ilhali nusu saa ya msafara wa magari barabarani yaweza kuondolewa bila hasara. Anza na kanda, maadamu ndizo zinazoharibika. Za simu aghalabu huwa zimebanwa tayari, na kuzibana tena huzidi kufifisha picha. Ondoa zilizojirudia tu. Vilevile, usifanye WhatsApp kuwa ghala, kwa kuwa kwa kawaida hupunguza ubora wa video zinazotumwa.

Wataalamu hupendekeza nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, moja kati yazo ikiwa mbali na nyumbani. Kwa familia yenye uwezo mdogo, diski mbili za gigabaiti 500 ni mwanzo mzuri: moja ibaki nyumbani, ya pili iwekwe kwa jamaa aliyeko Iten au Kapsabet. Hivyo mwizi au moto hautazipata zote kwa siku moja. Nakala ya tatu yaweza kuwekwa mtandaoni. Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, zinazotumiwa pia na barua pepe na picha. Basi weka humo video chache zilizo za thamani zaidi.

Jihadhari na vifaa vya bei ya kutupa. Baadhi ya flashi na diski bandia hudai kuwa na nafasi kubwa kuliko zilizo nayo. Kifaa kama hicho huonekana kupokea faili zote, kumbe kimepoteza nyingi. Njia ya kukitambua ni kukijaza kabisa, kisha kujaribu kufungua faili za mwanzo na za mwisho.

Usitupe kanda asilia wala kufuta faili ya awali kabla ya kuitazama nakala mpya tangu mwanzo hadi mwisho. Lipe kila faili jina lenye mwaka, tukio na mahali, kwani watakaorithi video hizo huenda wasiwatambue waliomo. Fungua diski zote angalau mara moja kila mwaka, na data ihamishiwe kwenye diski mpya kabla ya ile kuukuu kuanza kusumbua.