Chuo Kidogo Kilichocheza Arusha: Mpira wa Kimarekani na Watoto Wetu Walio Mbali



Mwezi huu tunajibu swali moja ambalo wazazi wengi wametuuliza, kambini na huku mjini: huu mpira wa Kimarekani ni mchezo gani, na mtoto akiuingia atatoka salama? Wanaouliza ni wale wenye watoto, wajukuu au ndugu waliokwenda Marekani kabla ya Januari 2025, pale nchi hiyo iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Watoto wale sasa wako sekondari, wengine wameingia chuo. Wanatuma picha kwa WhatsApp wamevaa kofia ngumu yenye vyuma mbele ya uso, na mabega makubwa kama mlango. Bibi mmoja alipoona picha ya mjukuu wake aliuliza kama wamemuingiza jeshini.

Basi tukae chini tuelewane. Ukiujua mchezo, hata simu ya mtoto utaijibu vizuri.

MCHEZO WENYEWE

Kwanza, tusiuchanganye na mpira wetu wa miguu. Mpira wao si wa duara. Ni mrefu, umechongoka pande mbili, mfano wa papai dogo. Unashikwa kwa mikono, unabebwa, unarushwa, na mara chache tu unapigwa teke. Wachezaji ni 11 kila upande. Uwanja una urefu wa yadi 100, yaani karibu mita 91, ukiacha zile sehemu mbili za kufungia kule mwisho.

Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, kama mita 9 hivi. Ikifaulu inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira wanachukua wenzao. Ndo maana mchezo unasimama-simama: watu wanagongana, wanaanguka, refa anapiga filimbi, wanajipanga upya. Anayefika na mpira sehemu ya mwisho anapata pointi 6, na timu yake inapata nafasi ya kupiga teke la pointi 1 zaidi. Teke linalopita katikati ya nguzo mbili wakati mchezo unaendelea ni pointi 3. Saa ya mchezo ni dakika 60, lakini kwa kusimama huko kote watu wanaweza kukaa uwanjani masaa matatu.

Ukitazama vizuri utaona siyo fujo. Kila mtu amepewa kazi yake. Mmoja anarusha, mmoja anadaka, na wengine watano kazi yao ni kuzuia tu ili mwenzao asiguswe. Hao watano hawafungi, na watazamaji wengi hata majina yao hawayajui. Wasipofanya kazi yao, hakuna atakayefunga.

SIKU ULIPOFIKA AFRIKA MASHARIKI

Wengi wetu tunadhani mchezo huu haujawahi kukanyaga kwetu. Umekanyaga. Tarehe 21 Mei 2011, kwenye uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, Tanzania, timu ya Chuo Kikuu cha Drake kutoka jimbo la Iowa ilicheza na kikosi cha wanafunzi waliochaguliwa kutoka vyuo binafsi vya Mexico. Mchezo uliitwa Kilimanjaro Bowl. Ulikuwa wa kwanza wa vyuo wa aina hii kuchezwa katika bara la Afrika. Drake walishinda 17 kwa 7.

Uwanja wenyewe una jina la mtu ambaye wasomaji wetu waliopita Kigoma watamfurahia. Sheikh Kaluta Amri Abeid alizaliwa Ujiji. Alikuwa mshairi wa Kiswahili, na ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Hivyo vijana wa Iowa na wa Mexico walikuja kugongana kwenye uwanja wa mshairi!

Maelfu ya watu walikuja kuangalia, na wengi hawakuwahi kuuona mchezo huo hata siku moja. Tunaweza kuwaza maswali yaliyoulizwa pale jukwaani. Mbona wanasimama tena? Kwani refa amekasirika nini? Mpira uko wapi?

Lakini wachezaji hawakuja kucheza tu na kuondoka. Waliwafundisha watoto wa Arusha kurusha na kudaka. Walifanya kazi za mikono za kujitolea, zikiwemo za kwenye kituo cha watoto yatima. Sisi tunaokaa Rwanda tungesema walifanya umuganda wao. Kisha wakapanda Mlima Kilimanjaro.

Waliporudi kwao, msimu wa ligi ulianza mwanzoni mwa mwezi wa tisa, ukaenda hadi Novemba. Drake walicheza michezo 11. Walishinda 9, wakapoteza 2, wakagawana ubingwa wa ligi yao, inayoitwa Pioneer, na Chuo Kikuu cha San Diego.

LIGI ISIYOTOA PESA YA MPIRA

Hapa wazazi tusome taratibu, maana ndipo watu wengi wanapodanganyika.

Drake ni chuo cha wanafunzi elfu chache tu. Katika ligi ya Pioneer, vyuo havitoi ufadhili wa masomo kwa sababu ya mpira. Mchezaji analipa karo kama mwenzake asiyecheza, au anapata msaada kwa sababu ya alama zake darasani au kwa sababu familia yake haina uwezo. Ndivyo ilivyo pia kwenye daraja la tatu la michezo ya vyuo Marekani, lenye vyuo zaidi ya 200 vinavyocheza mchezo huu. Vijana wanaamka alfajiri kufanya mazoezi, wanaenda darasani, jioni wanarudi uwanjani, na hakuna anayelipiwa karo kwa kukimbia.

Kwa hiyo mtoto akikwambia, "Mama, nitacheza mpira nisome bure," usimkatishe tamaa, lakini muulize: chuo gani? Ligi gani? Imeandikwa wapi? Vyuo vikubwa vinatoa ufadhili kweli, ila nafasi ni chache na wanaozitafuta ni wengi. Na kati ya wachezaji wa vyuo mia moja, hawafiki wawili wanaochukuliwa na timu za kulipwa. Hao wengine tisini na kitu wataishi kwa kile walichosoma. Sisi walimu hatuchoki kusema: kalamu kwanza.

JOHNNY BRIGHT: TAYA LILILOVUNJWA

Chuo hichohicho cha Drake kina historia nyingine, na tunaiandika kwa sababu inatugusa sisi tuliokimbia makwetu.

Mwaka 1951 nyota wa Drake alikuwa kijana mweusi, Johnny Bright, mzaliwa wa Fort Wayne, Indiana. Mwaka 1949 na 1950 alikuwa ameongoza nchi nzima kwa yadi alizosogeza timu yake, kwa kukimbia na kwa kurusha. Tarehe 20 Oktoba 1951 Drake walikwenda Stillwater, Oklahoma, kucheza na chuo cha Oklahoma A&M. Mchezo ulipoanza tu, mchezaji mmoja mzungu wa upande wa pili alimpiga Bright usoni tena na tena, hata pale ambapo Bright hakuwa na mpira. Taya lilivunjika. Bado alibaki uwanjani kwa muda, akarusha pasi ya kufunga, ndipo akatolewa. Drake walipoteza mchezo huo.

Aliyempiga hakuadhibiwa. Lakini wapiga picha wawili wa gazeti la Des Moines Register walikuwepo, na picha zao zilionyesha kila kitu hatua kwa hatua. Mwaka 1952 zilipata tuzo ya Pulitzer, ambayo ni heshima kubwa ya waandishi wa habari Marekani. Chuo cha Drake kilijitoa kwenye ligi ile kwa kupinga uonevu. Baadaye sheria za kulinda uso wa mchezaji ziliongezwa nguvu.

Na Bright mwenyewe? Timu ya kulipwa ya Philadelphia ilimchagua, lakini aliogopa jinsi ambavyo angetendewa na wachezaji wengine kule. Akaenda Canada. Huko alipata ubingwa mara tatu mfululizo na timu ya Edmonton, 1954, 1955 na 1956, na mwaka 1959 akatajwa mchezaji bora wa ligi ya Canada. Mwaka 1962 akachukua uraia wa huko. Tena alikuwa mwalimu, akapanda hadi kuwa mkuu wa shule. Alifariki mwaka 1983.

Chuo cha Oklahoma kiliomba radhi mwaka 2005, miaka 54 baada ya kosa. Bright hakuwepo kuisikia barua hiyo. Mwaka 2006 Drake wakauita uwanja wao kwa jina lake. Kwa hiyo wale vijana waliokuja Arusha mwaka 2011, kwao wanacheza kwenye uwanja wa Johnny Bright.

Tunajua nyumba nyingi hapa zinazosubiri kuombwa radhi. Hatuwezi kusema itakuja lini. Tunachoona ni kwamba Bright hakukaa kuingoja. Alijenga maisha mahali alipopokelewa, akafundisha watoto wa watu.

ALIYEZALIWA KAMBINI

Kijana mwingine ni Kwity Paye. Mama yake alikimbia vita vya Liberia, na yeye akazaliwa mwaka 1998 katika kambi ya wakimbizi nchini Guinea. Walipelekwa Providence, katika jimbo la Rhode Island, akiwa mtoto mchanga. Mama alifanya kazi zaidi ya moja ili kulipa karo ya shule ya Kikatoliki. Kijana akasoma na kucheza Chuo Kikuu cha Michigan, na mwaka 2021 timu ya Indianapolis Colts ilimchagua katika duru ya kwanza, namba 21. Siku hiyohiyo alimwambia mama yake apumzike, kazi imetosha.

Tunamtaja ili watoto wetu wajue kwamba kuzaliwa kambini hakuandiki mwisho wa mtu. Lakini wazazi, mwangalieni na yule mama. Kabla ya timu kulipa chochote, ni yeye aliyelipa.

MZAZI AULIZE NINI?

Mchezo huu unaumiza. Tusifichane. Goti linaweza kuharibika, bega linaweza kutoka, na hatari kubwa zaidi ni mtikisiko wa ubongo. Kofia inalinda fuvu, lakini haizuii ubongo kutikisika ndani. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, kusahau, kusinzia ovyo au hasira isiyo ya kawaida. Majimbo yote ya Marekani yana sheria kuhusu jambo hili kwa wanafunzi: anayedhaniwa ametikisika ubongo anatolewa uwanjani, na harudi mpaka mtaalamu wa afya aruhusu.

Kama mtoto au mdogo wako yuko kule, mpigie umuulize haya:

1. Nani ametia sahihi karatasi ya ruhusa? Kwa kawaida mzazi au mlezi anatakiwa kusaini. Asisaini asichokielewa.
2. Karatasi imeelezwa kwa lugha ya nyumbani? Shule za serikali kule zinatakiwa kuwasiliana na wazazi kwa lugha wanayoielewa. Omba mkalimani, si aibu. Na mtoto asigeuzwe mkalimani wa karatasi yake mwenyewe!
3. Amepimwa na daktari kabla ya mazoezi? Akiumia, bima ipi italipa?
4. Alama za darasani zikoje? Akishuka sana, shule yenyewe itamsimamisha kucheza.
5. Akigongwa kichwa, atasema? Hili ndilo gumu. Vijana wanaficha ili wasitolewe. Mwambie kwamba kusema si uoga.

TUUCHEZE BILA KUGONGANA

Ipo aina moja ya mchezo huu isiyo na kuangushana, nayo itakuwemo kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Kila mchezaji anafunga vitambaa viwili kiunoni, kimoja kila upande. Mwenye mpira akinyofolewa kitambaa kimoja, hapo ndo ameshikwa. Kule Olimpiki wanacheza watano watano, wasichana na wavulana.

Hapa Kagarama tumejaribu na watoto wa masomo ya Jumamosi. Vitambaa tulikata kwenye kitenge kilichochakaa, mpira tukatumia wa majani ya migomba. Hatua kumi kubwa, majaribio manne. Watoto walijifunza kuhesabu haraka kuliko ubaoni: "Tumebakiza hatua tatu na jaribio moja, tufanye nini?" Wasichana walinyofoa vitambaa vingi kuliko wavulana, na wavulana mpaka leo wanabisha.

Walimu wa kambini mnaotaka kujaribu, njooni tuwaonyeshe sheria. Inahitajika kiwanja, kitenge cha zamani na filimbi tu. Na wazazi wenye swali lingine kuhusu masomo ya watoto wetu walioko nje, liandikeni kwenye karatasi mumpe mwalimu yeyote wa zamu. Mwezi ujao tutaanza na hayo.