Tuanike Juu ya Nini: Jamvi, Sakafu au Kaushio?



Kila msimu wa karafuu unapokaribia, wengi wenu hutuuliza chombo gani ni bora cha kuanikia: jamvi la wazee wetu, sakafu ya saruji, au kaushio la jua la siku hizi. Jawabu letu ni kuwa hakuna kimoja kinachomfaa kila mtu. Kinachofaa ni kile kinachotosha karafuu zako, na ambacho mikono ya nyumba yako yaweza kukiokoa na mvua.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Karafuu mbichi, sehemu yake kubwa ni maji. Kilo 3 za mbichi zilizokwisha kuchambuliwa makonyo hutoa kilo 1 hivi ya karafuu kavu. Maji hayo yapasa kutoka upesi. Karafuu mbichi zikilala ndani ya gunia, au zikirundikwa pembeni usiku kucha, hupata joto zenyewe na kuchacha. Zikija kukauka huwa zimesinyaa na kupauka. Jua la kesho halirudishi rangi iliyopotea, na mpimaji kituoni huijua kwa kutupa jicho tu. Hapo mali ya mwaka mzima imeshuka daraja kwa usiku mmoja.

Sasa tufanye hesabu. Jua likiwa zuri, karafuu hukauka kwa siku 4 hivi. Likiwa hafifu zaweza kufika wiki. Maana yake, karafuu za Jumatatu zingali uwanjani siku unapoanika za Alhamisi. Kwa hivyo usitafute nafasi ya mchumo wa siku moja, tafuta ya siku 4. Tuseme jamvi lako lachukua pishi 2 zilizotandazwa nyembamba, na nyumba yako yachuma pishi 10 kwa siku. Utahitaji majamvi 5 kila siku, yaani 20 kwa siku 4. Ukiwa nayo 12 tu, siku ya tatu utaanza kurundika, au kuzichanganya mbichi na zilizokaribia kukauka. Karafuu nyingi huharibika hivyo, wala si kwa uvivu wa mtu.

Jamvi ni rahisi kwa bei, na wingu likitanda hukunjwa mara moja likaingizwa ndani. Ila likilazwa juu ya udongo huvuta unyevu kutoka chini. Basi litandikwe pahala pakavu, au juu ya uchaga. Jamvi kuukuu nalo huacha vipande vyake ndani ya karafuu. Jamvi humfaa mwenye mikarafuu michache na watu wa kutosha nyumbani.

Sakafu hushika joto la jua, hukausha upesi, na karafuu zake hugeuzwa kwa wepesi. Ijengwe juu kidogo ya ardhi, yenye mteremko ili maji yasituame, na ifagiliwe vizuri kabla ya kuanika. Kasoro yake ni kuwa haikunjwi. Mvua ikija ghafla, watu wawili hawawezi kuzoa karafuu za sakafu nzima. Mwenye sakafu na awe na turubai la kufunikia, tena liwe karibu. Lakini jua likirudi lifunuliwe mara moja, kwani chini yake karafuu hutoka jasho. Kwa sababu hiyo hiyo, nailoni si kitu cha kuanikia juu yake. Na barabara ya lami tuiache kabisa: ina mafuta, mchanga na vumbi la magari.

Kaushio la jua ni kiunzi cha mbao kilichofunikwa nailoni angavu, ndani yake mna trei za wavu. Hewa huingilia chini na kutokea juu. Matundu hayo yakizibwa, kaushio huwa chungu cha kupikia. Mvua haiingii, wala kuku, wala vumbi. Lakini trei huchukua karafuu chache, na nailoni huliwa na jua, hivyo hubidi kubadilishwa. Twaona faida yake khasa ni wakati wa vuli, Oktoba hadi Disemba, mvua inapotukuta katikati ya mchumo. Anza kwa jamvi au sakafu, kisha umalizie ndani ya kaushio.

Wako wanaokimbilia moto mvua ikizidi. Moshi huachia karafuu harufu yake, na joto kali hufukuza mafuta. Mafuta ni kiasi cha sehemu 15 hadi 20 kwa mia ya karafuu kavu, nayo ndiyo yanayofuatwa na mnunuzi.

Kila jioni anua kabla ya umande. Karafuu iliyokauka huvunjika kwa mlio, na ukifumbata gao lake huchoma kiganja. Biashara ya dunia haitaki maji yazidi 12 kwa mia, basi usiifungie gunia karafuu inayopinda.

Kwa hayo twakuombeni: kabla ya kununua saruji au nailoni, tandaza pishi moja juu ya jamvi ulilo nalo uone imechukua nafasi gani. Zidisha kwa mchumo wako wa siku, kisha kwa 4. Halafu hesabu watu watakaokuwapo nyumbani saa nane mchana, mvua inapopiga. Hesabu hizo mbili zitakuchagulia chombo.