Kabla ya Kuipa Beetle Volti 12

Volkswagen Beetle ilishinda Safari Rally mara nne: 1953 ikiendeshwa na Alan Dix, 1954 na Vic Preston, 1957 na Gus Hofmann, na 1962 na Tommy Fjastad. Beetle za miaka hiyo zilitoka kiwandani na betri ya volti 6. Nalikumbusha hilo kwa sababu mwenye gari la zamani huku Kitisuru akilalamika kwamba taa za mbele ni hafifu, dawa anayopewa kwanza ni kubadilisha mfumo mzima uwe wa volti 12. Dawa hiyo ni nzuri. Tatizo ni kwamba mara nyingi hutolewa kabla ya mgonjwa kupimwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Taa ya wati 45 kwenye volti 6 huvuta ampea 7.5, kwenye volti 12 huvuta ampea 3.75. Tuseme nusu volti inapotelea kwenye swichi chakavu na viungio vilivyolegea. Kwa gari la volti 6, hiyo ni zaidi ya asilimia 8, na balbu ya kawaida ikipungukiwa hivyo hupoteza takriban robo ya mwanga wake. Kwa volti 12, kutu ileile ingekula robo volti tu, yaani asilimia 2. Wati ni zilezile. Volti 12 huvumilia uchafu ambao volti 6 haiuvumilii.

Kwa hiyo anza na mita. Washa taa, gusisha ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye mguu wa balbu, usome volti zinazopotelea njiani. Kisha pima kutoka kwenye kikombe cha taa hadi hasi ya betri. Fungua taa ya mbele ya Beetle ambayo haijaguswa miaka mingi uutazame waya wa kahawia, ule wa athi: mara nyingi utakuta ukoga wa kijani chini ya skrubu, na klipu za fyuzi zimefanya utando. Msasa laini, vichwa vipya vya waya na mkanda mpya wa athi kutoka kwenye gia hadi kwenye bodi hufanya kazi kubwa kwa fedha kidogo.

Bado kuna sababu halali za kuhama. Anayeshuka usiku kona za mabonde ya Kitisuru kuelekea Lower Kabete Road anahitaji mwanga wa kutosha, na balbu za volti 12 ni rahisi kuzipata Barabara ya Kirinyaga. Volkswagen yenyewe ilihama, ikianza na modeli za 1967 za soko la Marekani. Ukihama, hama kabisa: balbu zote hadi za dashibodi, kikatizi cha indiketa, koili, choki ya otomatiki ya kabureta, mota ya waipa, dainamo na katauti yake. Dainamo ya volti 12 ina mwili mnene zaidi, hivyo kigogo kinachoibeba nacho hubadilika. Nyaya hazihitaji kunenepeshwa, maana umeme unaopita umepungua. Zilizokauka maganda ndizo za kubadilisha.

Staata ndiyo huwachanganya mafundi. Flaiwili ya volti 6 ina meno 109, ya volti 12 ina 130, kwa hiyo staata mpya haishikani na flaiwili ya zamani. Wengi huiacha staata ya volti 6 ipokee volti 12. Inazunguka kwa kishindo, na huvumilia iwapo injini inawaka upesi. Ukiikamia kwa muda mrefu, itaungua, na meno yataliwa. Mimi huiacha, mradi injini iwe imesetiwa vizuri.

Wenye Morris Minor na Land Rover za zamani wasijihesabu humu. Magari yao tayari ni volti 12, ila mengi yalifungwa athi kwenye chanya, na altaneta ya kisasa ikiunganishwa bila kugeuza hilo, dayodi zake huungua papo hapo.

Mwisho kabisa, betri. Ya Beetle hukaa chini ya kiti cha nyuma, na springi za kiti ni chuma kitupu. Betri ya volti 12 iliyo ndefu kupita kiasi huguswa na springi hizo abiria akikaa, na kiti hushika moto. Pima kimo chake kabla ya kulipa, na usiendeshe gari bila kifuniko juu ya vichwa vya betri.