Mkono Utulizao

Katika jamaa nyingi yuko mzee aliyepotewa na kumbukumbu. Jua likishuka, aanza kutangatanga, apiga kelele, amsukuma hata binti yake amlishaye. Majirani wanong'ona kwamba ni uchawi, na wazee wengine wamefukuzwa nyumbani kwa neno hilo. Sivyo, ndugu wasomaji. Huo ni ugonjwa wa ubongo. Namna yake moja ilielezwa mwaka 1906 na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer.

Tumtulizeje mzee huyo? Wengi wataka vidonge vya kumnyamazisha. Tujihadhari: mwaka 2005 serikali ya Marekani ilionya kwamba baadhi ya dawa za wagonjwa wa akili zaongeza vifo vya wazee wa namna hii.

Madaktari wa Uingereza walijaribu njia nyingine. Mwaka 2002 waliwachukua wagonjwa 72. Nusu yao walipakwa usoni na mikononi mafuta ya mmea wenye harufu uitwao melissa. Nusu ya pili, mafuta ya alizeti. Wale wa melissa walitulia zaidi. Lakini mwaka 2011 matokeo ya jaribio jingine, lililofanywa kwa uangalifu zaidi, yalitangazwa: waliowapima wagonjwa walibanwa pua wasiitambue harufu. Safari hii melissa haikuyashinda mafuta matupu. Walakini, tazameni: makundi yote yalipata nafuu kidogo, hata lile la mafuta matupu!

Twajifunza nini? Huenda kilichosaidia si chupa, bali mkono uliopaka, na muda aliopewa mgonjwa. Basi tusimalize fedha kwa wauza manukato.

Kwanza tutafute sababu. Mzee asiyeweza kujieleza huenda ana kiu, au jino lamwuma, au mkojo umemzuia. Tumpeleke kwa daktari. Kisha tupunguze makelele, tuketi karibu naye, tumpake mikono polepole kwa mafuta ya nyumbani, tukimwimbia nyimbo za ujana wake. Akikataa kuguswa, tusimlazimishe. Tena kazi hii asiachiwe binti mmoja tu. Wana wote wapokezane, kwa maana mkono uliochoka haumtulizi mtu.

Mzee aliyelisahau jina letu aweza bado kuutambua upole wetu.