Chuo Kilipofungwa, Nani Alikupigia Simu?

Hivi mpenzi msomaji, leo ukinyang'anywa ghafla ofisi yako, kantini mnayokula mchana na ile benchi mnayopigia stori jioni, ni wangapi kati ya wale unaowaita "watu wangu" watakaobaki? Mwaka 2020 swali hili liliwakuta wanafunzi karibu wote wa Afrika Mashariki. Mwezi huu nimewachagua wanafunzi wa sheria wa Kenya. Walikaa mbali na madarasa kwa muda mrefu, na wana la kutufundisha hata kama wewe ni mhasibu au muuguzi.

Tukumbushane kidogo. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Machi 13, 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaagiza shule na vyuo vifungwe, na vyuo vikuu vikapewa mpaka Machi 20. Machi 27 ikaanza amri ya kutotoka nje usiku, kisha Aprili 6 watu wakazuiwa kuingia na kutoka Nairobi. Kwetu Tanzania vyuo vilifungwa Machi hiyo hiyo, lakini Juni 1 vikafunguliwa. Kwa wenzetu, wa mwaka wa mwisho walianza kurudi Oktoba, na wengine wengi wakasubiri hadi Januari 2021. Si mchezo!

Sheria haisomwi kimya kimya

Wengi wanadhani mwanasheria ni mtu wa kujifungia na vitabu vinene. Waulize waliopita Mlimani habari za vimbweta. Sheria inasomwa kwa kubishana. Unaeleza kesi, mwenzako anakupinga, mhadhiri anawauliza nyote wawili, na kwenye mahakama ya mazoezi mnavaa suti na kutetemeka pamoja. Vitabu ni ghali, hivyo mnaazimana. Ukiondoa watu, umeondoa nusu ya masomo.

Na safari yenyewe ni ndefu. Kenya, baada ya shahada ya miaka minne, mwanafunzi alitakiwa kupita Kenya School of Law kule Karen, afanye mitihani tisa ya Baraza la Elimu ya Sheria, na akae miezi sita chini ya wakili mzoefu. Kwa hiyo ratiba ikisimama, vinasimama vingi: ajira, kodi ya nyumba, hata ndoa. Mchumba aliyeahidiwa "nikiapishwa tu tunakwenda kwa wazee" naye alijikuta kwenye foleni ile ile.

Aliyenyamaza kwenye grupu

Masomo yalipohamia Zoom, tofauti za maisha zikaonekana waziwazi. Mmoja ana chumba chake na intaneti ya nyumbani. Mwingine anatumia simu moja na wadogo zake, na bando likiisha, kipindi kimeisha.

Binamu yangu alikuwa anasoma huko wakati huo. Darasa lao lilijigawa watu watano watano, na kila kikundi kikawa na mtu wa zamu. Asiyeonekana siku mbili anapigiwa simu, meseji haitoshi. Mhadhara wa saa mbili waliufupisha kwa sauti za dakika chache na kutumiana WhatsApp, ili mwenye bando dogo asiachwe.

Kuna msichana mmoja alinyamaza wiki nzima. Wenzake wakadhani ni bando, wakamchangia kwa M-Pesa. Alipopigiwa, ikajulikana baba yake amesimamishwa kazi na yeye asubuhi yuko sokoni anauza mboga na mama. Pesa alishukuru, lakini alichohitaji kwanza ni mtu wa kumweleza mhadhiri kwamba saa tatu asubuhi hawezi kuwepo. Wenzake wakaeleza, akapewa muda wa ziada. Bila ile simu, huyu angeandikwa mtoro.

Wakubwa nao walihangaika

Jambo lililowapa moyo ni kuona kwamba hata mahakama ilikuwa inajifunza upya. Kesi Kenya zilianza kusikilizwa kwa video, hukumu zikatumwa kwa barua pepe, na Julai 1, 2020 Nairobi ikazindua mfumo wa kufungua kesi kwa mtandao. Wakili wa miaka ishirini naye alikuwa anasahau kuwasha maikrofoni!

Huko Marekani, ambako mitihani ya uwakili iliahirishwa sehemu nyingi, wahitimu katika majimbo kadhaa walijipanga na kudai njia nyingine. Utah ilikubali Aprili 2020: mhitimu aliyetimiza masharti aliweza kuwa wakili bila mtihani, akifanya saa 360 za kazi chini ya usimamizi. Washington ikafuata Juni. Mmoja mmoja wangelia vyumbani tu, lakini pamoja walisikilizwa.

Na wewe je?

Mimi naona siri yao inaingia katika nyumba na ofisi yoyote. Kwanza, wekeni zamu. Kazi ya "wote" huwa haina mwenyewe, na ndiyo maana rafiki anaweza kupotea mwezi mzima huku kila mtu akidhani mwenzake anajua habari zake.

Pili, uliza swali lenye jibu. "Uko poa?" hujibiwa "poa" hata na mtu ambaye hajala. Uliza amelala saa ngapi, kodi imelipwa, nani yupo naye nyumbani.

Tatu, kwa wapenzi walio mbali: pangeni siku ya kuongea na iheshimuni kama kikao cha ofisini. Mwenzio akiwa na mitihani, mwambie mapema kwamba simu fupi haitakukasirisha. Atasoma kwa amani, nawe hutahesabu dakika.

Halafu fungua simu yako sasa hivi, umtafute yule aliyenyamaza siku nyingi. Usimtumie kikatuni cha kucheka. Mpigie.