SAMAKI WABICHI: AMANA YA MNUNUZI NA YA MPISHI



Mnyama wa nchi kavu hawi halali kwetu mpaka apitiwe na kisu, na mchinjaji ndiye shahidi wake. Ama samaki hana mchinjaji. Sheria imetuhalalishia pasipo kuchinja, ikatuondolea taabu hiyo, lakini haikutuondolea wajibu wa kutazama. Basi amana iliyokuwa mkononi mwa mchinjaji, kwa samaki imo jichoni mwa mnunuzi na mikononi mwa mpishi. Twataka leo kueleza namna ya kupika minofu ya samaki wadogo wabichi. Lakini hatuwezi kuanzia jikoni, maana upishi wa samaki huanza sokoni.

Sisi wenyewe tulipata kukosa katika jambo hili, na kukiri kosa ni sehemu ya kufundisha. Siku moja tulikwenda Feri baada ya sala ya alfajiri tukanunua vibua wazuri, macho yao maangavu. Badala ya kuwafikisha nyumbani, tulipita nao moja kwa moja mpaka chuoni kwetu Mchikichini, tukaliweka kapu chini ya benchi, tukasomesha watoto mpaka adhuhuri. Vibua wakapikwa, tukala. Haukupita muda mrefu nyuso za watoto zikawa nyekundu, miili ikawawasha, na vichwa vikawagonga. Nasi, kwa haraka ya ulimi, tukamlaumu mama wa nyumba kwamba hakuwasafisha vema. Akatujibu kwa upole, "Maalim, mimi nimewapokea adhuhuri. Tangu alfajiri walikuwa kwako."

Hatukuwa na jawabu. Tulipowapeleka watoto zahanati, daktari alitueleza kwamba samaki wa jamaa ya vibua, jodari na nguru, wakikaa katika joto, hufanya ndani yao sumu iitwayo histamini. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga, na mara nyingine haina hata harufu ya kumwonya mtu. Watoto walipona, alhamdulillahi. Nasi tukamwomba radhi mama yao mbele yao, kwa kuwa lawama nayo tuliitoa mbele yao.

Basi la kwanza ni kununua. Soko la samaki la Feri, pale Magogoni, lilijengwa kwa msaada wa serikali ya Japani likafunguliwa mwaka 2002. Huko samaki hushushwa kutoka katika ngalawa, mitumbwi na mashua, wakanadiwa asubuhi na mapema. Mtazame samaki jicho: liwe angavu na limetuna, si lililozama wala lenye ukungu. Mfunue matamvua: yawe mekundu, si ya rangi ya kahawia. Mbonyeze kwa kidole: nyama irudi upesi mahali pake. Mnuse: harufu iwe ya bahari, isiwe ya kukera. Ukimwona nyama imelegea, damu imevilia tumboni na mifupa imevunjika, huenda huyo aliuawa kwa baruti. Uvuvi huo umekatazwa na sheria ya nchi, kwa kuwa huua hata makinda na kubomoa matumbawe wanamokaa. Usimtie moyo mwenye kuufanya kwa kumpa fedha yako.

Kisha samaki awe wa mwisho kununuliwa, asiwe wa kwanza. Mwenye haja ya nazi, ndimu na nyanya za Kariakoo na azinunue kwanza. Na asiyeweza kurudi nyumbani mara moja, achukue barafu iliyopondwa, awafunike samaki juu na chini. Kutoka Feri mpaka Mchikichini ni kilomita chache tu. Lakini foleni na jua huzifanya chache hizo kuwa nyingi.

La pili ni kusafisha. Samaki wafaao kwa minofu midogo ni changu, kelea na vibua. Na wa maji baridi ni perege. Tasi naye ni mtamu, ila miiba ya mapezi yake ina sumu ichomayo vikali, basi ikatwe kwanza kwa mkasi. Para magamba kuanzia mkiani kwenda kichwani. Pasua tumbo taratibu isipasuke nyongo, maana ikimwagika huitia nyama uchungu. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wamesamehe matumbo ya samaki wadogo sana, kama dagaa, kwa uzito wa kuyatoa; ama hawa wa minofu, matumbo yatoke yote. Mwoshe, mfute akauke, kisha mlaze ubavu. Kata nyuma ya tamvua mpaka kisu kiguse uti wa mgongo, kilaze bapa, ukipitishe juu ya mifupa mpaka mkiani. Mgeuze ufanye vivyo hivyo. Kichwa na mifupa usitupe.

Sasa twende jikoni. Vipimo vyetu ni vya nusu kilo ya minofu.

Kwanza, kukaanga. Twanga chembe nne za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, nusu kijiko cha bizari ya manjano na maji ya ndimu moja. Paka minofu, uiache robo saa, isizidi, kwa kuwa ndimu ikikaa sana huilegeza nyama ikakatikakatika. Nyunyiza unga wa ngano kidogo. Mafuta yapate moto kweli: tupia kipande cha kitunguu, kikichemka papo hapo, tayari. Usijaze karai, maana mafuta yatapoa na samaki atayanywa. Dakika tatu kila upande zatosha, na geuza mara moja tu.

Pili, kupaka. Chemsha tui zito pamoja na ukwaju, kitunguu saumu, pilipili na chumvi mpaka ligande kidogo. Weka minofu juu ya jani la mgomba, na jani juu ya wavu wa jiko la mkaa, ili isishike wala kuanguka motoni. Ipakae tui hilo mara kwa mara, upande huu na huu, mpaka liive juu yake na kunukia.

Tatu, mchuzi wa nazi. Hapa ndipo vichwa na mifupa hupata kazi yao. Vichemshe katika tui jepesi la nazi moja kwa dakika ishirini, kisha chuja. Katika sufuria nyingine kaanga vitunguu viwili na nyanya tatu mpaka zipondeke, mimina ule mchuzi, tia vipande vya embe bichi na chumvi. Ukichemka, panga minofu ndani yake. Dakika tano zatosha. Usikoroge kwa mwiko, minofu itavunjika, tikisa sufuria. Tui zito hutiwa mwisho, kwa moto mdogo, lisije likakatika.

Kwa mgonjwa au mtoto asiyeweza viungo, yatosha chukuchuku: maji, chumvi, ndimu na kitunguu, basi. Samaki akiwa mbichi, chukuchuku humtosha. Akiwa amechacha, viungo vya Kariakoo yote havitamrudisha. Tena tumefundishwa kuzidisha maji ya mchuzi ili tumkumbuke jirani, na katika nyumba zetu za Mchikichini, ambako vyumba vyapakana ukuta kwa ukuta, harufu ya mchuzi humfikia jirani kabla ya bakuli. Basi bakuli na lifuate.

Ndugu zetu wenye nyumba, twawausia jambo moja. Mke apokeapo kapu, hupokea pamoja nalo saa zote ambazo samaki alikaa mkononi mwa mume. Chakula kikiharibika, mnunuzi na ahesabu kwanza saa zake, ndipo atazame sufuria ya mwenzake.

Wabillahi taufiq.